Mchanga wa Mama Mkwe Ndani ya Oveni

Katika miaka yote niliyokuwa nimeishi na mke wangu mjini Kitui, sikuwa nimewahi kumtazama mama yake usoni. Hatukuwa tumekosana. Tulikuwa tunaheshimiana, na kwetu Wakamba heshima ya mtu na mama mkwe wake ni kazi ya miguu: ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Huli naye, humpi mkono, hukai naye chumba kimoja. Tunaiita nthoni, na asiye nayo huulizwa kama alilelewa na watu. Katikati ya miaka ya themanini vijana wengi walikuwa wameanza kuilegeza, wakisema wameokoka. Mama mkwe wangu pia alikuwa ameokoka, tena zamani kuliko wao, lakini yeye alisema wokovu ni wokovu na nthoni ni nthoni.

Kwa hiyo niliposikia anakuja kwangu kuoka keki, jambo la kwanza nililofanya ni kuhamisha godoro langu.

Lakini nianze na oveni, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Mimi ni fundi wa vitu vya umeme. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko, kimejaa pasi zilizokufa, redio bubu na birika ambazo wenyewe walikuwa wameshazisahau. Oveni hiyo niliinunua Mutomo kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake ili arudi kwao. Ilipanda lori la mbuzi, na kwa siku kadhaa jikoni kwetu kulinuka beberu. Mke wangu alitaka kupika siku hiyo hiyo. Mimi nilitaka kuifungua kwanza.

"Wewe umenunua jiko ama umenunua mgonjwa?" aliniuliza, akiona nimeilaza chali uani, mlango wazi, skrubu zimepangwa juu ya gunia.

Nilikuwa nimeshaona elementi.

Nisamehewe, lakini kuna watu hupenda magari na wengine ng'ombe. Mimi napenda elementi. Ni bomba jembamba la chuma, na katikati yake kuna waya uliosokotwa kama springi ya kalamu, umezungukwa na unga mweupe ulioshindiliwa. Waya ndio unaopata moto. Umeme ukipita kwenye waya mnene, hupita bila kujali. Ukilazimishwa kupita kwenye waya mwembamba na mrefu, husukumana, na kule kusukumana ndiko moto. Kwa hiyo waya husokotwa ili urefu mwingi uingie mahali padogo. Ule unga unazuia umeme usiguse bomba, lakini unaruhusu moto utoke. Mtu aliyefikiria hilo alikuwa na akili, na mpaka leo sijui kwao ni wapi.

Oveni yangu ilikuwa na elementi mbili. Ya chini ilipindwa pete moja kubwa, ikizunguka sakafu ya oveni bila kuigusa, na ndiyo iliyokuwa na nguvu. Ya juu ilikunjwakunjwa kama utumbo wa mbuzi, na kazi yake ilikuwa kuipa keki rangi. Ya chini hupasha hewa, hewa hupanda, hugonga dari, hushuka, na chakula huiva pande zote kwa moto ambao hakuna aliyeuona. Nilimweleza mke wangu haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa anaweza kuweka viazi.

Basi ikafika harusi ya shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba yao kule Makueni. Mama mkwe alikuwa ndiye mwoka keki wa kanisa lao. Aliokea kwenye sufuria: makaa chini, mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga, kifuniko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Nimekula keki hizo kwenye harusi nyingi, nikiwa nimekaa mbali na mwokaji, na sina neno. Lakini bibi harusi alitaka keki tatu za pembe nne, za kupandana. Fundi wa mabati akatengeneza mikebe ya pembe nne, mizuri kabisa, na hakuna sufuria iliyoweza kuimeza. Mama mmoja kanisani akajitolea kuagiza keki Machakos. Mama mkwe akasimama mbele ya kina mama wote na kusema keki ya kitinda mimba wake haiwezi kutoka kwa watu wasiojulikana. Ataioka mwenyewe, kwa binti yake Kitui, kwenye jiko la umeme.

Baada ya kusema hivyo mbele ya kina mama, hakukuwa na njia ya kurudi. Keki isipotokea, angekaa harusi nzima akila ya Machakos, na watu wakimtazama anavyotafuna.

Alifika siku chache kabla ya harusi, akiwa na mikebe yake, mayai yaliyofungwa kwa majani makavu, na mfuko mzito ambao makanga wa basi aliushusha akilalamika. Mimi nilikuwa nimeshahamia kibandani, nikilala kati ya redio. Jioni mke wangu aliponiletea chakula, nilimuuliza mfuko ule ni wa nini.

"Ni mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa mto wa nyumbani. Amekuwa akiokea huo tangu mimi nikiwa mdogo."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na isyo, mahindi na maharagwe yetu. Kuleta mchanga Kitui ni kama kuwapelekea mbuzi kinyesi. Mito yetu yenyewe ni mchanga, maji hutembelea tu. Lakini nilipomaliza kucheka nikaanza kufikiri, na nilivyofikiri ndivyo chakula kilivyonikwama.

Asubuhi nikaenda nyumbani, nikazunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha la jiko. Oveni ilikuwa karibu na dirisha hilo. Nikamwita mke wangu.

"Mwambie mama asiweke kitu juu ya ile elementi ya chini. Kitu chochote. Inataka hewa. Ikifunikwa itaungua."

Niliona upindo wa leso ukipita ndani, nikarudi nyuma mpaka kwenye banda la kuku, nikiwa nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Kwa hiyo sikusikia ujumbe wangu ulivyofika. Mke wangu alikuja kuniambia baadaye. Mkwe hawezi kumwamuru mama mkwe, hata kwa kutuma mtu, na mke wangu alikuwa na adabu ya kutosha watu wawili. Alisema hivi:

"Mwaitu, mama yangu, mwenye nyumba anasema jiko ni lako, ulitumie vile umezoea. Ila ukiona ni vizuri, moto wa chini unapenda kupumua."

Na mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa na moto umri wake wote, akajibu kwamba hilo analijua. Jivu huziba moto pumzi. Mchanga unapumua. Akamshukuru mkwe wake kwa kumkumbusha.

Nikaenda kazini nikiwa na amani.

Kabla ya saa sita mke wangu alikuja kibandani bila viatu.

"Jiko limekohoa," alisema. "Limekohoa mara moja, halafu nyumba nzima hakuna stima."

Tulipofika, mama mkwe alikuwa amejifungia stoo, ili mimi nipate nafasi ya kuingia jikoni. Nikafungua oveni. Mchanga ulikuwa umejazwa mpaka elementi ikapotea kabisa, umesawazishwa kwa kiganja, laini, hauna hata kijiwe. Ilikuwa kazi nzuri sana. Elementi, ikiwa imezikwa hai, ilikuwa imepata moto bila mahali pa kuupeleka. Na kidhibiti cha moto, ambacho hukaa juu kikipima hewa, kilikuwa kinaona hewa bado baridi, kikizidi kusema: ongeza, ongeza. Nilipoufukua mchanga nikakuta bomba limepasuka kwenye kona, unga mweupe umemwagika. Fyuzi ilikuwa imefanya kazi yake.

Nilikasirika. Nilikasirika hasira ya fundi, ile isiyochagua mahali.

"Ni nani huyo anaweza kuweka mchanga kwa oveni?" nilisema kwa sauti, nikijua vizuri kwamba mlango wa stoo haukuwa mbali.

Kisha sauti ikatoka stoo, ya chini, haikunielekea mimi.

"Mwanangu, nifungie mzigo. Nyumba ya watu imenikataa."

Hasira yangu yote ikaisha pale pale. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mke wangu alinitazama, na sitaki kukumbuka alivyonitazama. Mama yake akiondoka hivyo, hangerudi tena kwetu, na si yeye tu. Watoto wangu wangekua wakijua kwamba nyanya yao alifukuzwa na baba yao kwa sababu ya bomba la chuma.

"Mwambie asifunge chochote," nilisema. "Mwambie ni kitu kidogo. Nitatengeneza."

Ulikuwa uongo. Elementi kama ile haikuwapo Kitui, na kuiagiza Nairobi ilikuwa kungoja mpaka maharusi wapate mtoto wa kwanza. Nilizunguka maduka yote. Mwishowe nikaingia kwa mzee mmoja Mwislamu, aliyehamia kutoka upande wa Garissa na kuuza kila kitu kuanzia kamba za ng'ombe hadi taa. Alikuwa na waya za yale majiko madogo ya koili, zilizosokotwa tayari, ila sahani za udongo zinazolaliwa na waya zilikuwa zimevunjika zote njiani.

"Waya haivunjiki," aliniambia. "Chukua. Sahani utaomba Mungu."

Nikaenda nyumbani na waya mfukoni, nikasimama tena chini ya dirisha, nikamweleza mke wangu shida. Waya mtupu hauwezi kulala juu ya chuma, utamwaga umeme. Unataka kitanda cha udongo uliochomwa, chenye mifereji ya kulalia.

Mke wangu akageuka kupeleka ujumbe, lakini mama yake alikuwa ameshasikia. Nikasikia mlango wa nyuma, nikageukia ukuta, nikasikia hatua, kisha kishindo. Uani kulikuwa na mtungi wa maji ambao yeye mwenyewe alikuwa ameufinyanga na kumpa binti yake alipoolewa. Ulikuwa umevunjika shingo, na kuku walikuwa wakinywea kipande chake cha chini. Mama mkwe alikuwa ameumaliza kwa jiwe. Akarudi jikoni na vigae viwili vipana, vya tumbo la mtungi.

"Mwambie huu ulichomwa na mimi," alisema. "Hauogopi moto."

Basi tukaanza kazi, mimi nje, yeye ndani, ukuta katikati. Nilimpitishia tupa na msumari dirishani kupitia kwa mke wangu. Mfereji uwe na kina hiki. Anauliza kina gani. Kama punje ya mahindi. Anauliza mahindi ya wapi, ya huku ama ya shamba la serikali. Mke wangu alikuwa akigeuza kichwa huku na huku mpaka shingo ikachoka. Mwishowe akajifunga leso upya.

"Mimi naenda kununua sukari," alisema. "Nyinyi ongeeni na jiko."

Akaenda kweli.

Nilibaki nimesimama pale nje nikitazama kuku. Ndani, msumari ulikuwa umenyamaza. Kuongea naye moja kwa moja singeweza, na kazi ilikuwa imefika nusu. Nikakohoa.

"Wewe jiko," nilisema, nikiangalia ukuta, "mfereji usikaribiane na mwenzake. Waya ukigusana, umeme utapita njia ya mkato na waya utaungua."

Kisha msumari ukaanza tena, polepole.

"Jiko," sauti ikasema, "uache nafasi gani?"

"Jiko, upana wa kidole."

"Jiko, cha nani? Fundi ama mimi? Vyangu vimenenepa na udongo."

"Jiko, cha mama kinatosha."

Tuliendelea hivyo mchana wote, na sijawahi kufanya kazi na fundi mwenza aliyenielewa haraka namna ile. Vigae vilipokuja dirishani, mifereji ilikuwa imekwenda na kurudi bila kutetemeka, na pembeni alikuwa amechora vistari vyake vitatu, alama aliyoweka kwenye kila mtungi. Nikavuta koili kati ya misumari miwili mpaka mizunguko ikaachana sawasawa, nikailaza mle. Ncha zake nikazivisha shanga nyeupe za kuzuia umeme, za pasi iliyokufa. Mama mkwe akarudi stoo, nami nikaingia, nikafunga kila kitu, nikaweka bati juu ya mawe manne kuufunika waya bila kuugusa, nikatoka. Onyo moja nililisema mara mbili.

"Jiko, mlango usifunguliwe kabla swichi ya ukutani haijazimwa. Huo waya uko uchi."

"Jiko limesikia," akajibu. "Nalo lina aibu."

Keki ya majaribio, ndogo, ilitoka na doa jeusi upande mmoja. Nilijua sababu. Koili ya kuvutwa kwa mkono haiwezi kuwa sawa kote, panapobanana panawaka zaidi. Nilikuwa bado nauma mdomo nje wakati sauti iliposema:

"Jiko, nina swali. Kule kwangu makaa ya juu ni ya nini?"

"Ya rangi."

"Na hapa?"

"Hapa ni ile elementi ya juu. Ya chini ni makaa ya chini."

"Na mchanga wangu?"

Nikafikiri. "Mchanga wako unagawa moto usiume mahali pamoja. Hapa hewa ndiyo inagawa."

"Basi hewa imeshindwa," alisema. "Hii imeungua."

Ndipo nikapata jibu. Mchanga haukuwa na kosa. Mahali ndipo palikuwa na kosa. Mchanga ukiufunika waya, unauua. Ukikaa juu ya waya, mbali kidogo, kwenye sinia, utafanya kazi ile ile iliyofanya kwenye sufuria.

"Jiko," nikasema, "mwambie mama achukue sinia, aweke mchanga wake kidogo, auweke kwenye wavu wa chini kabisa. Keki ikae wavu wa juu."

Nikasikia mchanga ukimiminwa.

Keki tatu zilitoka siku iliyofuata, moja baada ya nyingine, zimepanda sawa kama zimepimwa kwa kamba, rangi ya kahawia mpaka pembeni. Harufu ilifika kwa majirani wote. Zilipanda basi la mchana zikiwa zimepakatwa na mke wangu na mama yake, na makanga yule yule hakulalamika.

Kwenye harusi nilikaa upande wa wanaume, mbali. Lakini niliona kina mama wakimzunguka, na yule aliyetaka kuagiza Machakos akiuliza keki hizo zimetoka duka gani. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kutosha hema nzima:

"Nimeoka na mkwe wangu."

Kukawa na mnong'ono. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. "Aiya! Na nthoni?"

"Kulikuwa na ukuta," akasema, akaendelea kukata keki.

Kwetu, mtu akitaka kuondoa nthoni ana njia yake. Anampelekea mama mkwe blanketi na mbuzi, wazee wakiwapo, na kutoka hapo mnaweza kukaa pamoja. Mavuno yaliyofuata nilipeleka. Alilipokea blanketi, akalishika upande mmoja na mwingine kuona kama ni zito, akakubali. Na mara nyingine alipokuja Kitui, aliingia kwa mlango wa mbele na kukaa sebuleni mwangu, uso kwa uso na mimi. Alikuwa na umbo dogo kuliko nilivyofikiri.

"Mvua huko?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Mbuzi?"

"Wako."

Tukanywa chai. Nikatazama kikombe, naye akatazama kalenda. Mke wangu aliingia, akatutazama, akatoka haraka akishika mbavu. Baada ya muda mama mkwe akasimama, akachukua kikombe chake, akaelekea jikoni. Nikamsikia akiongea peke yake.

"Jiko, hujambo? Huyu mwenye nyumba ni mtu wa maneno mengi sana. Lakini lazima awe na ukuta."

Niliinuka, nikatoka nje, nikazunguka mpaka chini ya dirisha. Kulikuwa na neno nililokuwa nimelibeba tangu siku ile ya mchanga, na mbele ya uso wake halikuwa limetoka.

"Jiko," nikasema, "mwambie mama hii nyumba haijawahi kumkataa."

Kuku mmoja alipita kati ya miguu yangu.

"Jiko limesikia," akasema mwishowe, sauti yake si ile ya kawaida. Kisha akakohoa. "Sasa mwambie alete mayai. Mchanga niko nao."

Nikaenda kuleta mayai.